Mwanga Unatoka Wapi?

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Leo kuna swali, na swali zuri haliachwi limesimama mlangoni.

Mtoto mmoja ameniuliza hivi: "Mjomba, kwenye harusi nilimwona mpiga picha. Kamera alikuwa nayo mkononi. Lakini taa yake ilikuwa pembeni, imesimama kwenye stendi peke yake. Haina waya. Kila alipobonyeza kamera, taa ile ikawaka, pa! Nani aliiambia?"

Hongera, mwanangu. Watu wote walikuwa wanamtazama bibi harusi, wewe ukaitazama taa. Anayeona kile ambacho wenzake wanakipita, huyo ameshaanza kujifunza.

Taa uliyoiona inaitwa flashi. Na swali lako lina pacha wake. Kwa nini flashi ikae mbali na kamera? Na ikishakaa mbali, nani anaiambia iwake? Tuanze na la kwanza. Bila hilo, la pili halina kazi.

Muombe mama chungu cha udongo, kile chenye nakshi shingoni. Usiku ukiingia, kiweke mezani, uzime taa ya chumba. Chukua tochi. Ishike kwenye paji la uso, juu kidogo ya macho, ukimulike chungu.

Unaona nini?

"Naona chungu."

Ni cha mviringo?

"Hapana, mjomba. Kinaonekana bapa."

Nakshi je?

"Hazionekani sawasawa."

Na kivuli kiko wapi?

"Sikioni."

Kipo, mwanangu. Kimejificha nyuma ya chungu. Tochi na macho yako vimekaa mahali pamoja, kwa hiyo pale kilipo kivuli, macho yako hayafiki.

Sasa nyosha mkono. Peleka tochi kushoto kabisa, ukimulike chungu kutoka ubavuni. Usiondoe macho. Umeona? Upande mmoja unang'aa. Upande wa pili umeingia gizani. Katikati, mwanga unafifia kidogo kidogo, na jicho linasema lenyewe: kumbe hiki kitu kina tumbo! Tazama shingoni. Kila mchoro wa nakshi umepata kivuli chake chembamba. Mfinyanzi aliuchora kwa kidole na kijiti, na sasa unaona kazi ya mkono wake.

Tochi ni ileile. Chungu ni kilekile. Nini kimebadilika? Kitu kimoja tu: mwanga unatoka wapi?

Likamateni swali hilo, wanangu. Wapiga picha wengi huanza kwa kuuliza mwanga ni mwingi kiasi gani. Hilo ni swali zuri. Lakini kaka yake mkubwa ni hili: mwanga unatoka wapi?

Flashi iliyobandikwa juu ya kamera ni tochi kwenye paji la uso. Inamulika, lakini inabapaza. Tena inaleta yale macho mekundu mnayoyacheka kwenye picha. Mnajua yanatoka wapi? Mwanga huingia ndani ya jicho, hugonga ukuta wa nyuma wenye damu nyingi, kisha hurudi ulikotoka. Na ulikotoka ndiko kamera iliko, kwa hiyo kamera inaona wekundu wa damu. Isogeze flashi pembeni. Mwanga utarudi pembeni, kamera haitauona, na jicho litabaki jicho.

Sasa twende safari. Twende Laikipia, nchini Kenya, kwenye nyanda zilizo kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya. Huko yuko chui mweusi.

"Mjomba, chui mweusi yupo kweli?"

Yupo. Wala si mnyama wa aina nyingine. Ni chui huyuhuyu mnayemjua, ila amezaliwa na rangi nyeusi nyingi mno kwenye manyoya yake.

"Na madoa yake yameenda wapi?"

Swali tamu! Hayajaenda popote. Yapo, yote. Ni meusi juu ya weusi, kwa hiyo jicho linayapita bila kuyaona. Ni kama nakshi za chungu ulipozimulika kwa mbele: zipo, hazionekani.

Basi alikuja mpiga picha Mwingereza, jina lake Will Burrard-Lucas, kwenye kambi moja ya Laikipia. Alitaka picha nzuri ya chui huyo. Mnyama mweusi, ndani ya usiku mweusi, tena mnyama anayekwepa watu. Utampigaje? Ukimfuata, atakimbia. Ukiweka flashi juu ya kamera, macho yake yatakurudishia mwanga, kwa sababu nyuma ya jicho la chui kuna utando unaorudisha mwanga ili umsaidie kuona usiku. Utapata macho mawili makali, na mwili wote umemezwa na giza.

Kwa hiyo hakumfuata. Alitega. Si mtego wa kamba shingoni, la! Mtego wa picha. Aliweka kamera kando ya njia ambayo chui hupita. Akaweka kihisi, kifaa kinachogundua joto la mwili linalopita mbele yake, na kuiambia kamera bila waya. Na flashi? Aliweka mbili au tatu kwa kila kamera, akazisimamisha mbali na kamera. Kisha akaondoka, akawaachia njia wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2019 dunia ikaziona picha zake. Chui mweusi anatembea, mgongo wake umepakwa mwanga, na madoa yake yanaonekana ndani ya weusi.

Mwanga ulitoka wapi? Ubavuni. Ndiyo maana.

"Mjomba, ni yeye wa kwanza kupiga wanyama usiku?"

Hapana, mwanangu, na nimefurahi umeuliza. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alikuja kupiga picha za wanyama usiku kwenye nchi iliyo chini ya Kilimanjaro, ambayo leo ni Tanzania. Kamera za siku hizo zilikuwa nzito. Zilibebwa na wapagazi, kwa miguu, jua kali. Picha zake zilitoka kwenye kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1905. Bila mabega ya wapagazi wale, kamera zisingefika porini. Nataka mlijue hilo.

Wakati huo flashi haikuwa ya umeme. Ilikuwa unga. Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, waliutengeneza mwaka 1887 kwa magnesiamu. Unauwasha, unalipuka: mwanga mkali, kishindo, kisha moshi mzito. Huko Marekani, George Shiras alitega kamba porini. Paa akigusa kamba, unga unawaka na kamera inapiga. Mnyama anajipiga picha mwenyewe! Jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74 mwezi Julai 1906.

Kisha likaja jambo jipya. Kuanzia miaka ya 1930, mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha dunia nguvu ya taa ya umeme yenye gesi ndani ya kioo. Haina moshi, haina kishindo, na inawaka tena na tena. Mwaka 1957 alipiga picha tone la maziwa likidondoka, na maziwa yakasimama kwa mviringo yakawa taji. Jicho peke yake haliwezi kuliona taji hilo. Ni la muda mfupi mno.

Flashi ya harusini ni mjukuu wa taa hiyo. Nyamazeni kidogo. Naona inataka kusema.

"Mimi ni flashi," ikasema. "Ni mdogo, naingia kwenye mfuko wa shule. Tumboni nina betri nne za kawaida, zile za kuweka kwenye redio. Kila moja ina volti moja na nusu. Mtasema: huyu maskini atawashaje ukumbi mzima?"

"Utawashaje?" watoto wakauliza.

"Nina mtungi wangu. Mafundi wanauita kapasita. Fikirini mtungi chini ya bomba linalodondosha. Tone, tone, tone. Tone moja halimnyweshi hata kuku. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mtungi ukijaa, unaupindua mara moja: mwaa! Maji ya muda mrefu yanamwagika kwa muda mfupi. Mimi ndivyo nilivyo. Betri zinadondosha umeme kwenye mtungi wangu, ukishapandishwa mpaka volti 300 hivi. Ukitega sikio utanisikia nikilia nziii. Hapo najaza. Kitaa changu kikiwaka, nimejaa. Nikiambiwa 'sasa', naupindua mtungi. Umeme wote unapita kwenye kioo chenye gesi iitwayo zenoni, na gesi inatoa mwanga mweupe unaokaribia wa jua la mchana."

"Unamwaga kwa muda gani?"

"Nikimwaga wote, natumia kama sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Nikiambiwa nimwage kidogo, nakatisha mapema, kwa hiyo muda unakuwa mfupi zaidi. Mtoto anayeruka kamba, mimi namsimamisha hewani. Lakini nawaomba, wanangu: msinifungue kamwe. Hata nikiwa nimezimwa, mtungi wangu unaweza kuwa na umeme, na umeme huo unaumiza vibaya. Mwachieni fundi."

Mmesikia? Hilo si la mchezo. Sasa twende kwenye swali la pili: nani aliiambia?

"Zamani nilifungwa kwa waya," flashi ikaendelea. "Waya kutoka kwenye kamera mpaka kwangu. Nikaitika vizuri. Lakini wageni walijikwaa, na nikaanguka. Baadaye nikapewa jicho. Nikiuona mwanga wa flashi nyingine, nami nawaka. Likawa jambo zuri ndani ya chumba. Nje, jua kali likanipofusha. Nikiwekwa nyuma ya nguzo, sikuona. Na harusini? Mgeni yeyote aliyepiga picha kwa flashi yake, nami nikawaka! Nikamwaga mtungi wangu kwa mtu nisiyemjua. Mpiga picha wangu alipobonyeza, mimi nilikuwa mtupu."

"Pole!" watoto wakasema.

"Nimeshapoa. Siku hizi nina sikio la redio. Juu ya kamera kuna kidude kidogo, wapiga picha wanakiita triga. Kamera ikibonyezwa, triga inatuma wimbi la redio. Triga nyingi hutumia mawimbi ya gigahertz 2.4, yaleyale yanayotumiwa na vifaa vingi vya Wi-Fi. Wimbi linapita nyuma ya nguzo, linapita kichakani, linapita kwenye jua. Mimi nalisikia, naupindua mtungi."

"Wimbi halichelewi njiani?"

Hapo nitajibu mimi, kwa sababu nalipenda swali hili. Wimbi la redio linakwenda kasi ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kutoka kwenye kamera mpaka flashi iliyo mita 10, linatumia sehemu moja ya milioni 30 ya sekunde. Hata kope yako haijaanza kufikiri kufumba.

"Na kama wapiga picha wawili wapo harusi moja? Flashi haitachanganyikiwa?"

Huyu mtoto ana akili! Kila mmoja huchagua chaneli yake. Flashi ikiwekwa chaneli ya 3, inasikiliza chaneli ya 3 tu. Triga ya jirani ikituma kwa chaneli ya 7, flashi yetu inanyamaza.

Kuna jambo moja zaidi, la subira kidogo. Ndani ya kamera nyingi kubwa kuna mapazia mawili mbele ya kile kinachopokea picha. La kwanza linafunguka, mwanga unaingia. La pili linafuata, linafunga. Flashi lazima iwake wakati mapazia yote mawili yako wazi. Mpiga picha akitaka mapazia yaende kwa kasi kubwa sana, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho. Flashi ikiwaka hapo, sehemu iliyozibwa haipati mwanga wake, na picha inatoka na ukanda mweusi. Kwa hiyo kamera nyingi zina mpaka wake, kama sehemu moja ya 200 au 250 ya sekunde. Flashi nyingine zina njia ya kuuvuka mpaka huo, ila zinalipa kwa kupunguza nguvu. Ukiona ukanda mweusi kwenye picha, usiilaumu flashi. Punguza kasi.

Haya, flashi iko mbali, na inasikia. Tuiweke wapi?

Rudi kwenye tochi yako. Isimame hatua moja kutoka ukutani. Doa la mwanga ni dogo na kali. Rudi nyuma, ifike hatua mbili. Doa limekuwa kubwa, na limefifia. Mwanga uleule sasa umetandazwa mahali pakubwa mara nne. Kwa hiyo umbali ukiwa mara mbili, kila sehemu inapata robo tu. Ukiwa mara tatu, inapata moja ya tisa. Ndiyo maana flashi ikisogezwa hatua moja, picha yote inabadilika. Ndiyo maana pia ni vizuri iwe huru, isogee ipendavyo picha.

"Na ule mwavuli mweupe?"

Ah, mmeuona! Flashi ni ndogo, na mwanga mdogo unatengeneza kivuli chenye makali. Mpiga picha anaielekeza kwenye mwavuli mweupe. Mwavuli mzima unawaka, mwanga unakuwa mpana, na kivuli kinalainika. Bibi harusi anapendeza, na mikunjo ya bibi yake inapumzika. Lakini mwavuli ukae karibu. Ukipelekwa mbali unakuwa mdogo machoni pa unayempiga, na makali ya kivuli yanarudi.

Hapa nina neno la moyoni, wanangu. Ngozi nyeusi ni nzuri, na inataka mpiga picha anayejua kuuliza: mwanga unatoka wapi? Flashi ya kwenye paji la uso huipiga ngozi kwa mbele, ikaacha doa jeupe kwenye paji na pua, kwingine kukawa bapa. Anayejua hatafuti mwanga mwingi zaidi. Anauweka pembeni, mpana, karibu. Hapo shavu linang'aa, taya linaonekana, kila uso unapata umbo lake. Mtu akikwambia ngozi yako haitoki vizuri kwenye picha, mjibu kwa adabu: ngozi yangu haina kosa, sogeza taa.

Turudi porini. Flashi, tusimulie mtego wa picha unavyofanya kazi usiku.

"Nimefungwa kwenye mti, kushoto kwa njia. Ndugu yangu yuko kulia. Tumelala, ili betri zidumu. Kimya. Mara joto linapita mbele ya kihisi. Kihisi kinaiambia kamera. Kamera inafungua pazia, triga inaniambia. Mimi na ndugu yangu, pa! kwa pamoja. Chui anasimama kidogo, anatazama, anaendelea na njia yake. Tunaanza kujaza mitungi. Nziii."

"Mjomba, chui haumii macho?"

Roho nzuri hiyo, mwanangu. Mwanga ni wa mara moja, mfupi sana. Lakini mpiga picha mwema huweka nguvu ndogo, haielekezi flashi usoni mwa mnyama kwa karibu, na akiona mnyama ameanza kuiogopa njia, anaondoa vifaa vyake. Picha ni yetu. Njia ni ya chui.

Sasa kazi ni yenu. Hamhitaji flashi. Mnahitaji watoto wawili, simu mbili mlizoruhusiwa na wazazi, na chumba chenye giza. Mmoja ashike simu ya kupigia picha. Mwingine awashe tochi ya simu ya pili. Yeye ndiye flashi yenu. Msimmulike mtu machoni. Anzeni na chungu, kiatu cha babu, au hindi lenye punje zake. Aliye na kamera aseme: "Kushoto! Juu! Karibu! Nyuma yake!" Piga picha kila mahali tochi ikisimama. Kisha zipangeni, mzitazame.

Halafu badilishaneni. Aliyeshika tochi ashike kamera, naye atoe amri. Mtaona kila mmoja anaiweka taa mahali pake, na kitu kilekile kinatoka na sura nyingine. Picha ipi imewapendeza zaidi? Na kabla hamjanijibu, niambieni kwanza tochi ilikuwa wapi.